Macho Mekundu ya Bibi na Wachawi wa Sinema



Jumamosi baada ya chakula cha usiku, sisi mafrateri wa falsafa tunaruhusiwa kutazama filamu moja. Moja tu, na saa nne na nusu taa zinazimwa hata kama mwizi hajakamatwa. Projekta ni ya kuazima, spika ya kushoto inakoroma, na anayechagua filamu hubeba lawama zake wiki nzima. Mwenzetu aliyekuwa na zamu alituletea Doctor Strange in the Multiverse of Madness, filamu ya Marvel ya mwaka 2022. Alidhani ametuletea mapigano. Alituletea ugomvi ambao haujaisha hadi leo, na ndio uliotufanya tuandike makala hii.

Kwa wasomaji wetu ambao hawajaiona: humo yumo mama anayeitwa Wanda, mchawi wa kutisha. Alikuwa na watoto wawili wa kiume aliowapata kwa nguvu za uchawi wake, nao wakatoweka uchawi ulipokwisha. Sasa anaota kila usiku kwamba katika ulimwengu mwingine, sambamba na huu, watoto hao hao wapo hai na wanaishi na mama yao. Yuko tayari kumuua binti asiye na hatia ili apate njia ya kuwafikia. Anavunja, anachoma, anaua. Mwishoni anafika. Watoto wanamwona mwanamke mwenye sura ile ile ya mama yao akiwa amejaa damu, wanamwogopa, wanamsihi asiwaumize. Hapo ndipo anapoishiwa nguvu, wala si kwa kupigwa.

Taa zilipowashwa tulikuwa tumeshagawanyika. Mmoja alisema filamu za namna hii ni mlango wa shetani na hazifai kuingia seminarini. Mwingine alisema Wamarekani wanamchukia mama: mwanamke mwenye uchungu wa watoto wake amegeuzwa kuwa jini. Wa tatu, ambaye huazima vitabu vya ufeministi maktaba na kuvifunika kwa gazeti, alisema tatizo ni jingine kabisa: mwanamume mwenye nguvu za ajabu katika filamu ile ile anaitwa daktari, mwanamke mwenye nguvu zizo hizo anaitwa mchawi na lazima awe kichaa. Tulipiga kelele hadi mlezi wa zamu akagonga dirisha.

Mwenzetu mmoja hakusema kitu. Alikuwa akikunja nyaya za projekta. Alipomaliza alisema hivi tu: "Bibi yangu angekuwa na nusu ya nguvu za yule mama, asingetoroka kijijini usiku na khanga moja."

Tukanyamaza wote.

Ametupa ruhusa tuisimulie habari hiyo, ila jina la kijiji tuliache. Ni katika wilaya ya Magu, upande wa ziwa. Bibi ni mjane. Alizaa watoto saba akazika watatu. Kwa kuwa kuni zilikwisha siku nyingi katika vilima vile, anapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, katika jiko lisilo na dirisha, miaka zaidi ya hamsini. Moshi huo ukiushika macho kila siku, macho huwa mekundu. Ni jambo ambalo mtoto wa darasa la nne angeweza kulieleza. Lakini mtoto wa jirani alipokufa kwa homa, wazazi walikwenda kupiga ramli, na mpiga ramli hakutaja jina. Wao huwa hawataji jina, ni wajanja. Alisema: mwanamke mzee, anakaa upande wa machweo, macho yake yanawaka. Usiku wa tatu mawe yalianza kugonga bati. Usiku wa tano mjomba alikuja na pikipiki akamchukua. Leo bibi anakaa chumba cha kupanga Buhongwa, mjini Mwanza, na kila asubuhi anauliza kama mvua zimenyesha huko kwake.

Huyu alipata bahati. Tunasema hivyo kwa uchungu, maana takwimu zinatisha. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kwamba kati ya mwaka 2005 na 2011 watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi. Kabla ya hapo, takwimu za serikali alizozichambua mwanaanthropolojia Simeon Mesaki zilionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 waliuawa zaidi ya 3,600 Tanzania Bara, wanawake wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya mauaji ilikuwa huku kwetu Usukumani. Wazee wetu wanakumbuka kwamba mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya watuhumiwa walioteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola. Shuleni tulifundishwa tukio hilo kama mfano wa uwajibikaji, na ni kweli. Ila hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba operesheni ile, hapa Mwanza na Shinyanga, ilianzia kwenye mauaji ya vikongwe. Waziri tulimkumbuka, vikongwe tukawasahau.

Sasa msomaji atauliza: bibi wa Magu ana uhusiano gani na Marvel? Sisi pia tulijiuliza. Tukaamua kuzitazama filamu hizi upya, kwa muda wa likizo, kila mtu mahali alipo, kwa simu na kwa vifurushi vya kujinyima.

Tulianza na za zamani. Snow White ya Disney ni ya mwaka 1937. Humo malkia, mama wa kambo, ni mzuri wa sura. Lakini anapotaka kuua anakunywa dawa na kujigeuza. Anajigeuza nini? Nyoka? Chui? Hapana. Anajigeuza kikongwe: pua ndefu, meno yamebaki machache, mgongo umepinda, mkononi tufaa lenye sumu. Yaani sura ya uovu ni sura ya mwanamke aliyezeeka. Mtoto aliyeitazama picha hiyo, iwe Chicago au Kirumba, hahitaji kuambiwa amwogope nani. Na picha hiyo haikuishia kwao. Tuliokulia kwenye vibanda umiza vya Kanda ya Ziwa, tukilipa shilingi mia kutazama filamu zilizotafsiriwa kwa sauti za wasimulizi waliofuata nyayo za Lufufu, tunajua kwamba bibi yeyote aliyetokea kwenye kioo, hata akiwa anachota maji tu, ukumbi mzima ulipiga yowe: "Mchawi huyo!" Filamu za Nigeria zikaja na mabibi wao wanaokula nyama za watu usiku. Bongo muvi nazo zikafuata: ungo, kaniki, kibuyu, kicheko. Tumecheka sana humo. Hatukuwahi kutoka pale tukaenda nyumbani na kumtazama bibi kwa jicho lile lile la jana.

Neno mchawi katika Kiswahili halina jinsia. Waingereza wana neno lao la mchawi wa kike na jingine la mchawi wa kiume, na la kike ndilo lenye matusi. Sisi hatuna. Hata Kisukuma kikisema balogi kinasema watu tu, wanaume kwa wanawake. Lakini panga linapotoka usiku linakwenda kwenye nyumba ya mjane.

Halafu tukatazama filamu mpya, zile zinazoitwa za kifeministi. Kwa kweli zilitushangaza. Maleficent ya mwaka 2014 inachukua hadithi ya zamani ya binti aliyelaaniwa alale usingizi, na inauliza: yule mchawi aliyelaani alifanywa nini kwanza? Tunaonyeshwa kwamba kijana aliyempenda alimlevya kwa dawa akamkata mabawa ili apate ufalme. Ndipo akamlaani mtoto wa mtu huyo. Lakini katika miaka ya kumvizia mtoto yule msituni, anajikuta anamlea. Na busu linalovunja laana halitoki kwa mwana wa mfalme, linatoka kwake yeye aliyelaani, kwenye paji la uso la binti. Mchawi amekuwa mama bila kuzaa. Wenzetu wawili walikiri kwamba walilia. Hatuwataji.

Wicked ya mwaka 2024 inakwenda mbali zaidi. Elphaba anazaliwa na ngozi ya kijani. Baba hataki kumwona. Mama anapofariki wakati wa kujifungua mdogo wake, lawama inamwangukia mtoto huyo wa kijani, na yeye mwenyewe anaikubali. Baadaye, anapokataa kutumiwa na mtawala mwongo, tangazo linatoka kwa vipaza sauti nchi nzima: huyo ni mchawi mwovu, msimwamini. Hakufanya uovu wowote. Ametangazwa tu.

Tulitazama sehemu hiyo mara mbili. Mtu wa Mwanza hawezi kumtazama mtoto anayechukiwa kwa rangi ya ngozi yake asikumbuke ndugu zetu wenye ualbino, waliowindwa kuzunguka ziwa hili kuanzia miaka ya 2006 na 2007 kwa sababu mganga fulani alimwambia mvuvi au mchimba dhahabu kwamba kiungo chao kinaleta utajiri. Mwandishi Vicky Ntetema, wakati huo akiwa BBC, alijifanya mteja mwaka 2008 akaingia kwa waganga hao, na kwa kuyafichua alilazimika kuishi mafichoni. Wauaji wa vikongwe na wawindaji wa wenye ualbino wanapita mlango mmoja, mlango wa ramli chonganishi.

Kwa hiyo yule mwenzetu wa vitabu vilivyofunikwa kwa gazeti alikuwa na haki ya kufurahi. Filamu hizi zinauliza swali ambalo kijijini halikuulizwa: nani amesema kwamba huyu ni mchawi, na anapata nini akisema hivyo? Kama ufeministi ni kuuliza swali hilo, basi sisi wanafunzi wa seminari hatuna sababu ya kuukimbia. Mtakatifu Yohane Paulo II mwenyewe, katika Evangelium Vitae ya mwaka 1995, aliwaalika wanawake kuhamasisha ufeministi mpya unaotambua kipaji cha pekee cha mwanamke. Neno hilo ni lake, hatujaliokota mtaani.

Lakini hatukubaliani na filamu hizi kwa yote, na hapa ndipo mjadala wetu ulipokuwa mkali.

Kwanza, zote zinampenda mchawi kwa sababu ana nguvu. Maleficent anarudishiwa mabawa. Elphaba anaruka angani juu ya ufagio huku muziki ukipanda. Wanda anabomoa majengo kwa kunyoosha vidole. Mtazamaji wa Ulaya anatoka ukumbini akisema: laiti ningekuwa mchawi! Leo wapo vijana huko ng'ambo wanaojiita wachawi kwa fahari. Bibi wa Magu hana mabawa. Ana magoti yanayouma. Kumwambia kwamba jina hilo ni la heshima, alichukue kwa kiburi, ni mzaha ambao haumfikii, na ukimfikia utamuua. Jina ambalo Hollywood inaliosha na kulivaa, huku linavuja damu. Hatuwalaumu sana watengeneza filamu. Kwao wachawi walikwisha kuchomwa karne nyingi zilizopita na sasa ni mavazi ya sherehe. Tunawalaumu wanaotuletea mjadala huo huku kama ulivyo, kwenye makongamano yenye chai na maandazi, bila kuuliza Misungwi au Kwimba kuna nini.

Pili ni jambo la kifalsafa zaidi, na tunaomba uvumilivu. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Waazande, alieleza habari ya ghala la nafaka lililoanguka na kuwaumiza watu waliokuwa wamekaa kivulini chake. Waazande walijua vizuri kwamba mchwa ndio waliokula nguzo. Walichouliza ni kingine: kwa nini limeanguka wakati hawa, na si wengine, walikuwa chini yake? Uchawi ulijibu swali hilo. Tulipolisoma darasani tulicheka kidogo, kisha tukaacha, kwa sababu kila mmoja wetu amekaa kwenye msiba akasikia swali hilo hilo. Malaria ilimuua, sawa. Lakini kwa nini wangu? Kwa nini mwaka huu, ng'ombe nao wamekufa?

Mchumi Edward Miguel alichunguza vijiji 67 vya wilaya ya Meatu na kuchapisha matokeo yake mwaka 2005. Aligundua kwamba katika miaka ya mvua iliyopindukia, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yalifika karibu mara mbili ya miaka mingine, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakubadilika. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake, wengi wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa ndugu zao wenyewe. Yaani mvua ikikosekana, na chakula kikipungua chunguni, mtu mmoja mezani anageuka kuwa sababu. Na anayechaguliwa ni yule asiyezaa tena, asiye na mume wa kumtetea, ambaye wana wake wako mbali, au ambaye hakujaliwa mtoto kabisa. Wakati akinyonyesha alikuwa mayu, mama, na kila mtu alimsalimu kwa kuinama. Titi likikauka, heshima nayo inakauka.

Sasa tuzitazame tena filamu. Filamu haiwezi kuvumilia bahati mbaya isiyo na mtendaji. Ndani ya filamu hakuna mtoto anayekufa kwa homa tu. Lazima awepo aliyefanya. Maleficent anasafishwa vipi? Kwa kupatikana mwovu mwingine, mfalme Stefan. Elphaba anasafishwaje? Kwa kupatikana mtawala mwongo na mwanamke mwingine, Madame Morrible, anayetangaza uongo. Na Wanda hakusafishwa, kwa hiyo anabaki na kosa lote yeye mwenyewe. Lawama inahamishwa kutoka mkono hadi mkono, lakini haifutwi. Ramli nayo hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba ukumbini tunalipa kiingilio na kwenda kulala.

Hapa tunakumbuka habari ya kipofu wa kuzaliwa katika Injili ya Yohane, sura ya tisa. Wanafunzi wanamwuliza Yesu nani alitenda dhambi hata akazaliwa hivyo, yeye au wazazi wake. Ni swali la mpiga ramli hasa, na waliouliza walikuwa mitume! Yesu analikataa swali lenyewe. Hamtafuti mtendaji, anatema mate, anafanya tope, anamponya mtu. Padre mmoja mlezi wetu hupenda kusema kwamba mahubiri mengi ya siku hizi yanarudi kwenye swali la wanafunzi na kuliacha tope chini. Anawasema wahubiri wa spika kubwa, lakini sote tunajua kwamba wapo na wa kwetu, wanaomwambia mgonjwa atazame vizuri ndani ya ukoo wake. Mgonjwa akitoka hapo hatafuti Mungu. Anatafuta shangazi.

Na tusijifanye kwamba Kanisa halina deni. Mwongozo maarufu wa kuwinda wachawi, Malleus Maleficarum, wa miaka ya 1480, uliandikwa na mtawa Mdominikani, Heinrich Kramer, naye alieleza kwa kirefu kwa nini wanawake ndio wanaoelekea uchawi zaidi. Alikuwa amesoma falsafa na teolojia kama tunavyosoma sisi. Aristotle, ambaye tunamfanyia mtihani mwezi ujao, alimwona mwanamke kama mwanamume asiyekamilika, na wengi walimfuata bila kuuliza. Alikuwepo pia Mjesuiti Friedrich Spee, ambaye mwaka 1631 alichapisha Cautio Criminalis, bila jina lake, akisema wazi kwamba mateso ndiyo yanayozalisha wachawi: mtese yeyote, hata padre, naye atakiri. Katika historia ya falsafa Kramer na Spee hawamo kwenye silabasi yetu. Tungeomba wawekwe, wote wawili, kwa siku moja.

Karibu zaidi na sisi, Papa Benedikto XVI alipokuwa Luanda mwezi Machi 2009 alisikitika hadharani kwamba watu wanaoishi kwa hofu ya mapepo wanafikia kuwahukumu watoto wa mitaani na wazee kuwa ni wachawi. Tumetafuta kama maneno hayo yamewahi kusomwa katika kigango chochote tulichopelekwa. Labda yalisomwa siku ambayo hatukuwepo.

Tukitaka hadithi ya kwetu ya kulinganisha na za Disney, tunayo. Watoto wa Usukuma wamesimuliwa habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akamzaa Masala Kulangwa, naye alipokua akaliua zimwi na kulipasua, watu wakatoka hai. Wamisionari wa Bujora, alikokuwa Padre David Clement, waliona humo mfano wa Kristo na wa Mama Maria, na wengi tumesikia mahubiri yake kila Pasaka. Ila kuna kipande ambacho wahubiri hukiruka. Alipokuwa akilipasua zimwi, kisu cha Masala Kulangwa kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi akakasirika, akamtukana, akatafuta hata namna ya kumroga. Yaani bibi mchawi yumo, hadithi yetu nayo haijakwepa. Lakini angalia mwisho wake, kama tulivyosimuliwa sisi: shujaa hamuui. Anatafuta dawa anamponya sikio. Kwani ni kweli alimkata! Hasira ya bibi ilikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa kidonda. Ndipo Masala Kulangwa anafanywa mtemi na mama yake anaheshimiwa pamoja naye.

Tumejadili sikio hilo kuliko tulivyojadili Marvel. Mwenzetu mmoja alikumbuka sikio la Malko katika bustani ya Gethsemane. Mwingine alisema Maleficent na mabawa yake yaliyokatwa ni hadithi ile ile, ila yetu inamrudishia bibi sikio mtu yule yule aliyemkata. Hakuna anayetafutwa wa kubebeshwa lawama mpya. Tuliona hapo kitu ambacho Hollywood bado haijakifikia, na sisi wenyewe tulikuwa tumekisahau.

Kuna watu wanaofanya kazi hiyo ya sikio bila sinema. Pale Magu lipo shirika la MAPERECE, ambalo kwa miaka mingi limekaa na wazee wanaotuhumiwa, likizungumza na vijiji na kusaidia majiko yenye moshi mdogo. Jiko lenye bomba la kutolea moshi! Sisi tunasoma metafizikia ya uovu, na wao wanatengeneza bomba. Wakati wa likizo ya uchungaji, katika kigango tulichopelekwa ng'ambo ya ziwa, akina mama wa WAWATA walikuwa na utaratibu wao ambao hakuna aliyewafundisha: mtoto akifa katika jumuiya, kabla ya matanga kwisha, wawili wao wanakwenda kulala kwa mjane mzee aliye karibu. Wanasema wanamsaidia kupika. Hawasemi wanamlinda. Tulimwuliza mwenyekiti wao kwa nini wasiseme, akatutazama kama watu waliosoma sana, akasema, "Frateri, ukisema unamlinda, utakuwa umesema anashukiwa."

Baada ya Noeli watatu kati yetu tulikwenda Buhongwa kumsalimia bibi wa mwenzetu. Chumba ni kidogo, kimepambwa kwa kalenda ya jimbo na rozari. Tulimsalimu, mwadila mayu, akaitikia na kutushika mikono mmoja mmoja, muda mrefu. Macho yake, baada ya mwaka na zaidi bila moshi, si mekundu tena kama zamani. Kitukuu chake cha miaka minane kilikuwa na simu ya mama yake, kikamwonyesha kipande cha Maleficent, mabawa, pembe na yote. Bibi akasogeza simu mbali, kama wanavyofanya wazee, akatazama hadi mwisho. Akauliza kwa Kisukuma, "Huyu ndiye mlogi?" Mjukuu wake akamwambia ndiye. "Na wakija kwake usiku, anafanyaje?" Tukamwambia anaruka, bibi, anaruka juu anakwenda zake.

Alicheka hadi akakohoa. Akafuta macho kwa khanga. Kisha akasema wale wanaoruka hawana taabu, na akamgeukia mjukuu wake: viazi alivyoviacha shambani usiku ule, vimechimbwa na nani? Aulizie. Na kama kuna aliyechimba akatengeneza michembe, aletewe hata kikombe kimoja.

Mwenzetu ameandika barua nyumbani kuulizia. Bado hajajibiwa.